Mtu Aliyebaki Ukomo

Ukomo si nchi ya mbali. Ukiuliza njia utaonyeshwa na watu wengi, na wengi wao utawakuta wamekaa chini, bahasha mapajani, wakingoja. Sitasimulia tulivyofika, maana kila aliyefika ana habari ile ile ya foleni na miguu kuvimba. Nitasimulia niliyoyaona na niliyoyasikia huko, na lile moja nililolifanya mimi mwenyewe.

Nilikwenda kama shahidi. Sheria ya Ukomo inasema mtu aliyewahi kuingia kwao kufanya kazi, akakaa kupita siku alizopewa, akitaka kurudi atasikilizwa mara moja tu maishani mwake. Tena aje na mtu anayemjua vizuri na asiyeona haya kusema. Shoga yangu Tunu binti Mbaruku alipopata barua ya wito, mtaa mzima wa Ngamiani ulininyooshea kidole mimi. Sikukataa. Baraza yangu haijawahi kukosa watu tangu niolewe, na jambo la mtu likitokea alfajiri, kwangu huwa limeshafika kabla ya chai ya saa nne.

Tunu kazi yake ni kuuguza wazee. Ana mikono ya kazi hiyo, mikubwa, mikavu, isiyo na haraka. Miaka saba nyuma alipewa ruhusa ya Ukomo kumtunza ajuza mmoja aliyeitwa Mama Dovena, ambaye alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Ruhusa iliisha siku ya Alhamisi. Mtu wa kumpokea zamu hakutokea Alhamisi, wala Ijumaa, wala juma lililofuata. Tunu akabaki, akimgeuza yule ajuza ubavu huu na ubavu ule ili ngozi isichubuke. Siku ya arobaini na moja Mama Dovena alifariki. Tunu akamfumba macho, akafunga mzigo wake, akaondoka kwa miguu yake bila kufukuzwa na mtu.

Sasa alitaka kurudi. Kwetu kazi yake haiitwi kazi. Wazee wanauguzwa na binti zao, na shukrani ni lawama. Na binti yake mwenyewe, Mwanaheri, alikuwa amesimamishwa chuo cha uuguzi kwa kukosa ada akiwa amebakiza mwaka mmoja. Njia ya kumrudisha ilikuwa hiyo moja, na mlango wake unafunguliwa mara moja.

Wanaongoja hukaa katika nyumba kubwa nje ya ukuta wa nchi. Siku za humo hazihesabiwi, kwa kuwa nyumba haimo Ukomo wala haiko kwingineko. Tulimkuta fundi bomba mmoja, Shebuge, mtu wa Lushoto, aliyeingia humo na ndevu nyeusi. Sasa ni nyeupe pe, na karatasi zake bado zinasema ana miaka thelathini na miwili. Kosa lake lilikuwa kupitisha siku tisa, baada ya kuvunjika mguu ndani ya mtaro wa maji taka ya Ukomo, akiuzibua.

Nyumba ile niliipenda, sitaficha. Ilijaa. Ukikaa ngazini unapata habari za nchi kumi na mbili kabla sufuria haijachemka, nani kaoa ili apite, nani kaachwa kwa sababu hakupita. Shebuge ndiye aliyetufundisha mambo ya madirisha.

"Yako mawili," alisema. "La kwanza unaonyesha unavyoitaka kazi yao. Wanataka wakuone unaitaka mpaka unatetemeka. La pili unaonyesha unavyotaka kuondoka kwao ukimaliza. Hapo nako utetemeke."

"Maafisa ni wawili?" Tunu akauliza.

"Afisa ni yule yule, dada. Anahamisha kiti tu."

"Na ukitetemeka kote kuwili?"

"Wanakupeleka kwa daktari."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Tunu hakucheka. Alikuwa akiukodolea macho ukuta wa nchi, uliobandikwa tangazo moja toka mwanzo hadi mwisho: WATUMISHI WANAHITAJIKA HARAKA. Lilipochakaa walibandika jingine juu yake, na juu yake jingine, mpaka karatasi zimekuwa nene kama godoro na panya wamezaa humo.

Madirishani mambo yalikuwa kama tulivyoambiwa. Kwenye lile la pili afisa alimpa Tunu picha ya kwao aitazame, kisha akamwekea kikombe kidogo cha kioo chini ya jicho. Yalidondoka matone matatu. Afisa aliinua kikombe kwenye mwanga, akaandika: *Anapapenda kwao kiasi.* Shebuge alitwambia hiyo ni alama nzuri. Yeye mwaka wake alilia kikombe kikajaa, wakasema mtu mwenye huzuni namna hiyo hawezi kushika spana.

Baada ya hapo tuliitwa kwa Msajili. Alikuwa mtu mpole, kucha safi, sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Tulikaa upande wetu wa mstari mwekundu uliochorwa sakafuni, yeye upande wake, maana nchi ya Ukomo inaanzia katikati ya chumba chake.

"Bi Tunu," alisema, "ruhusa yako ilipoisha, mgeni tuliyemruhusu aliondoka. Ndivyo daftari linavyosema, kwa kuwa sisi hatuna mgeni asiye na ruhusa. Aliyebaki siku zile arobaini na moja ni mwingine. Tunamwita Mbakiaji."

"Nilikuwa mimi," Tunu akasema.

"Huyo mwingine," Msajili aliendelea taratibu, "hakuandikwa kuingia. Na asiyeandikwa kuingia hatuwezi kumwandika kutoka. Kwa hiyo hajatoka. Yupo."

Mimi nikaingilia. "Yupo wapi, baba? Huyu hapa mbele yako, amevaa kanga yangu niliyomwazima."

"Yupo Mtaa wa Waliobaki, nyumba ya mia mbili na sita."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Daftari la Ukomo halisemi uongo, na likisema mtu yupo, serikali inahakikisha yupo. Huajiriwa raia, akapewa jina la aliyepitisha siku, akapewa na chumba, akaishi humo kwa niaba yake. Anachokatazwa ni kimoja tu, kufanya kazi yoyote, kwa kuwa Mbakiaji hana ruhusa ya kazi.

"Wako wangapi?" nikauliza.

"Mtaa umejaa. Tunajenga wa pili."

"Na hao wote wamekaa tu, na tangazo lile ukutani?"

Msajili alinitazama kwa huruma kabisa. "Mama, tangazo lile ni la idara nyingine."

Akatueleza njia iliyopo. Siku ya baraza, Tunu atasimama nje ya mstari na Mbakiaji wake ndani. Mbakiaji akikubali kuondoka, jina linafutwa pale, na Tunu anaweza kuingia upya kama mtu mmoja. Asipokubali, basi. Nilimuuliza ni wangapi wamewahi kukubali. Alifungua daftari, akafunua kurasa nyingi kwa adabu, akalifunga.

Mashahidi hupewa siku moja ya kutembea ndani ya nchi ili wasije wakasema wamenyimwa. Siku yangu niliitumia kumtafuta Tunu wa pili. Nilipita mitaa yenye bustani ambazo matunda yake yalikuwa yakioza chini kwa kukosa wachumaji, nikapita nyumba ambazo wazee wamekaa madirishani, nywele hazijachanwa, wakinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Mtaa wa Waliobaki ulikuwa kimya. Watu wazima wenye afya walikaa vibarazani, mikono mapajani, wakitazamana. Juu ya kila mlango palikuwa na jina la mtu wa kwingine: Okelo, Farhiya, Mwakapuku. Niliona nyumba ya Shebuge. Shebuge wao alikuwa kijana mnene akilia kwa upweke.

Nyumba ya mia mbili na sita nilibisha hodi kama kwetu, na mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyevaa gauni la mikono mirefu.

"Wewe ndiye Tunu?" nikamuuliza.

"Ndiye mimi," akasema, kisha akaona nguo zangu. "Wewe unatoka kwake."

Jina alilopewa na mamaye lilikuwa Orsela, lakini alilitamka kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Tulikaa. Mimi nikishakaa ndiyo nimekaa. Nilimweleza Tunu alivyo, anavyokoroma, alivyomkimbia mchumba wa kwanza kwa kupitia uani, alivyogombana na mwenye duka kwa ajili ya chumvi akanyamaziana naye miezi minne. Orsela alicheka mpaka akajifuta macho. Miaka saba amebeba jina la mtu na hakuna aliyewahi kumweleza mwenye jina yukoje.

Kisha akaniuliza swali la ajabu. "Alikuwa akimgeuzaje Mama Dovena bila kumuumiza bega?"

Nikamwambia sijui. Ndipo akakunja mikono ya gauni, nikaiona ngozi yake imekauka kwa sabuni.

Ilikuwa hivi. Jina la Tunu pale mlangoni lilikuwa linajulikana. Watu waliosikia habari za Mama Dovena walikuja kubisha, wengine wakilia: je, huyu ndiye yule mwenye mikono mizuri? Mwanzo aliwafukuza. Siku moja alikuja mzee ambaye mkewe alikuwa hajaogeshwa siku kumi na moja, akakaa kizingitini, hakutaka kuondoka. Orsela akaenda. Tangu siku hiyo, miaka mitano na zaidi sasa, anakwenda, nyumba tano, mara sita kwa siku, akipitia njia za nyuma. Hapokei chochote. "Walimwita Tunu," alisema. "Ningefanyaje? Na Tunu ni mimi."

Nilirudi alasiri nikiwa nimevimba kwa habari. Nilimwita Tunu pembeni ya ngazi, nikamwambia yote.

"Tumempata, shoga! Anafanya kazi, na amekatazwa. Baraza likijua, hana pa kukaa. Akubali asikubali, anatoka."

Tunu alitazama nyuma kama kuna anayesikia. Halafu akasema, "Hilo usiliseme."

"Nisiseme? Una mara moja tu, Tunu!"

"Najua nina mara ngapi. Kuna nyumba tano huko ambazo mtu yumo kitandani anamngoja. Usiliseme, Mama Chausiku. Niapie."

Nikamwambia haya, nimesikia. Sikuapa. Nilifikiri ni ule ulaini wake, uliomfanya abaki siku arobaini na moja, na sasa unataka kumponza mara ya pili. Nikajiambia kama hajui kujitetea mwenyewe, ndiyo maana akaletwa shahidi.

Baraza lilikaa asubuhi. Wajumbe watatu, Msajili na daftari lake, Orsela ndani ya mstari, sisi nje. Wajumbe walianza kwa kubishana kama Tunu anafaa kuitwa Tunu kabla ya shauri kuamuliwa, na hilo liliwachukua mpaka jua likafika mezani. Wakakubaliana aitwe Anayedai. Kisha Msajili akamgeukia Orsela.

"Wewe ni nani?"

"Tunu binti Mbaruku."

"Uliondoka?"

"Sijaondoka. Nipo."

Alilisema macho makavu, sauti imenyooka, wala hakututazama. Msajili alichovya kalamu kwenye wino. Nikamwona Tunu amefumba macho, na mbele yangu nikamwona Mwanaheri amekaa uani na vitabu vimefungwa kwa kamba. Sikuweza. Nilisimama.

"Mwongo huyo!" nikasema. "Waheshimiwa, anafanya kazi! Anaogesha wazee nyumba tano, miaka mitano na zaidi sasa, muulizeni! Mtazameni mikono!"

Tunu alinishika kanga kunivuta nikae, ikachanika.

Msajili aliiweka kalamu chini. Mjumbe wa katikati, mzee mwenye mvi zilizochanwa vizuri, akamwambia Orsela anyooshe mikono, naye akainyoosha. Wakaitazama kwa muda. Mjumbe wa kushoto, mwanamke, akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu, "Mmoja wa hao watano ni mama yangu." Akaongeza, "Amelala bila maumivu tangu mwaka juzi." Kisha akaanza kuzikunja karatasi zake.

"Kazi bila ruhusa," mjumbe wa katikati akasema.

"Miaka mitano na zaidi," akasema wa kulia.

"Iandikwe."

Nikafurahi. Nawaambia kweli, moyo wangu uliruka. Msajili akaandika, akasoma kwa ile sauti yake ya kutoamsha mtoto:

"Tunu binti Mbaruku amepatikana akifanya kazi Ukomo bila ruhusa kwa miaka mitano. Hataruhusiwa tena daima. Aondolewe nchini leo, apelekwe kwao."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilipiga kelele kwamba si huyu, ni yule, huyu hajakanyaga kwenu miaka saba! Msajili akaningoja nimalize.

"Mama, watu wawili ni wako wewe. Katika daftari Tunu ni mmoja."

"Basi mwondoeni huyo wenu!"

"Ndiye tunayemwondoa. Anayedai yuko nje ya mstari. Hatuwezi kumtoa mtu ambaye hayumo." Akageuza ukurasa. "Aliyemo ni huyu."

Yule mwanamke mjumbe alipiga kura pamoja na wenzake. Nilimwona mkono ukipanda, si juu sana.

Hivyo ndivyo Orsela, aliyezaliwa Ukomo na mama wa Ukomo, ambaye hajawahi kuvuka hata mto wa nchi yake, alivyofukuzwa Ukomo akarudishwa Ngamiani, mahali ambapo hakuwahi kutoka. Walimpa nusu saa. Aliitumia kuwaandikia majirani wa zile nyumba tano ni nani wa kugeuzwa saa ngapi, na nani asipewe maji ya baridi. Mlinzi alizichukua zile karatasi akasema hana amri ya kuzifikisha.

Shebuge alitusindikiza mpaka mwisho wa ua wa nyumba ya kungoja. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Alimshika Tunu mkono, akasema, "Pole, dada," akarudi ngazini kukaa.

Siku ya pili njiani Orsela alisogea karibu nami, labda kwa sababu ndimi niliyemchekesha, akaniambia bila hasira. Swali la kwanza la baraza, alisema, lina jibu moja tu, na kila Mbakiaji hulisema hivyo hivyo: nipo. Ni desturi, kama kuitika hodi. Swali la kubali au kataa huja baada ya hilo. Dada yake alikuwa na chumba kitupu. Alikuwa amekwishaamua kulichukua tena jina lake, akae kwa dada yake, na zile nyumba tano azikabidhi kwa mwenyewe mwenye mikono.

"Ningekubali," alisema. "Kalamu ilikuwa kwenye wino."

Tunu alikuwa mbele yetu hatua tatu. Alisikia. Mabega yake yalisimama kidogo, kisha akaendelea kutembea.

Mwanaheri hakurudi chuoni. Anauza mitumba na mama yake mdogo, na watu wanasema ana kauli nzuri kwa wateja. Baraza yangu bado inajaa, lakini Tunu haji, na akipita upande wa pili wa barabara wageni wangu wananitazama usoni kuona nitasema nini.

Baada ya miezi miwili nilikwenda. Nilikuta watu wamekaa uani kwake, majirani, maana mtaa mzima umeshamzoea yule mgeni na kila mmoja anataka kumwona akila muhogo. Orsela alikuwa katikati ya benchi, na kwenye goti lake ile karatasi ya kufukuzwa, imechakaa kwa kukunjwa. Nasikia kila asubuhi humfuata Tunu nayo na kuuliza huku amepewa siku ngapi, na kila asubuhi Tunu humwambia akalete maji.

Nilisimama mlangoni. Watu wakanitazama. Tunu alikuwa anapepeta mchele. Aliinua macho.

"Mama Chausiku," alisema. "Umekuja kusema nini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Nilifungua mdomo, halikutoka hata moja. Tunu akarudi kwenye ungo wake. Nilitazama pa kuweka mwili wangu. Benchi limejaa, vigoda vimejaa, hakuna aliyejisogeza, hata wale niliowalisha kwangu miaka yote.

Orsela ndiye aliyeinuka kidogo, akaikunja karatasi yake, akajibana pembeni, akanipisha nikae.